Taswira ya Diski: Kuitengeneza, Kuifungua na Kuitunza

Taswira ya diski ni faili moja la kompyuta lililobeba diski nzima, kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mpangilio uleule, pamoja na zile sehemu ambazo huzioni ukifungua folda. Mafundi wengi huiita ISO tu, kwa jina la aina yake iliyozoeleka, hata pale ambapo si ISO. Ukishakuwa na faili hilo, kompyuta inaweza kulipokea kana kwamba umeingiza CD au DVD yenyewe, ikacheza, ikasoma, na ukitaka ikachoma diski nyingine isiyo na tofauti na ya kwanza.

Kutengeneza taswira si sawa na kukopi mafaili, na watu wengi wamepoteza kumbukumbu zao kwa kutoijua tofauti hiyo. Nililijua hilo kwa hasara. Nilipeleka CD ya kaswida iliyorekodiwa nyumbani kwetu Mwananyamala kwenye duka moja la steshenari, nikaomba wanitolee kwenye flashi. Nilirudi na mafaili kumi na mawili, kila moja likionyesha kilobaiti moja. Yalikuwa mafaili ya .cda, ambayo Windows huyaonyesha pale unapoingiza CD ya muziki. Kila moja lina baiti 44, na ndani yake hamna sauti hata kidogo, ila maelezo ya wimbo unaanzia wapi kwenye diski. Kijana aliyenihudumia aliona orodha, akaiburuta, akaamini kazi imekwisha. Nami niliamini, mpaka nilipofika nyumbani.

Diski zilizobaki kabatini

Fungua kabati la vyombo kwenye nyumba ya Dar es Salaam, iwe Tandika, Mtoni, Magomeni au Kawe, na kuna uwezekano mkubwa utakuta, chini ya vikombe vya wageni, mfuko wa zipu wenye CD. Humo mna filamu za Bongo za sehemu ya kwanza na ya pili, taarabu, mahubiri, mawaidha, nyimbo za vijana wa TMK, yaani Temeke, na katikati yake diski nyeupe zilizoandikwa kwa kalamu: harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, arobaini ya babu.

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, miaka mingi baada ya Zanzibar, ambayo ilianza kurusha picha za rangi katika miaka ya 1970. Kwa hiyo picha zinazotembea ziliingia kwenye nyumba nyingi za Dar es Salaam kwa njia ya kanda za VHS na vibanda vya video, ambako watafsiri kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, waliweka Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Kisha ikaja VCD, kiwango kilichotangazwa mwaka 1993. Picha yake ni hafifu, nukta 352 kwa 288 katika mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia, lakini diski yake ilikuwa rahisi na deki za kuichezea zilikuwa rahisi zaidi. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ilifungua njia, na kufikia siku alipofariki Steven Kanumba, tarehe 7 Aprili 2012, filamu za Kiswahili za kwenye diski zilikuwa biashara kamili.

Historia hiyo inatuonyesha ipi ya kuokoa kwanza. Diski ya filamu au ya albamu ilichapwa kiwandani kwa maelfu, hivyo yako ikifa huenda nzima ipo kwa jirani. Diski ya harusi ilichomwa nakala tatu au nne. Mpiga picha alirekodi kwa kanda, akahariri, akachoma, kisha mara nyingi kanda ileile ikarekodi harusi ya Jumamosi iliyofuata. Iliyopo kabatini kwako yaweza kuwa ya mwisho duniani. Anza na zile nyeupe.

Data inakaa wapi

Diski ya CD ina kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Ile ya kiwandani ina vishimo vidogo vilivyogandamizwa kwenye plastiki, vilivyojipanga kwa mstari mmoja mrefu unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Ile ya kuchoma, CD-R, iliyobuniwa na kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani mwaka 1988, haina vishimo. Ina tabaka la rangi maalumu ambalo mwale wa leza hulibadilisha mahali hapa na pale, na ndiyo maana tunasema kuchoma. Rangi hiyo huchakaa kwa mwanga, joto na unyevu, na Dar es Salaam haina upungufu wa chochote kati ya hivyo vitatu.

Watu hulinda upande unaong'aa na kuudharau upande wa maandishi. Kwa CD inapaswa kuwa kinyume. Tabaka la data limekaa karibu kabisa na upande wa juu, limefunikwa na vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini unaweza kusafishwa, kwa kuwa leza inapita kwenye plastiki nene, lakini mkwaruzo wa juu unabandua data yenyewe, na hakuna wa kuirudisha. Stika iliyoanza kunyanyuka usiivute. DVD ni tofauti: ni plastiki mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa, data ikiwa katikati, hivyo inavumilia zaidi.

Data hupangwa kwa sekta. Kila sekta ya CD ina baiti 2,352, na sekta 75 hupita kila sekunde diski inapozunguka kwa mwendo wake wa kawaida. Kwenye CD ya data, kati ya baiti hizo ni 2,048 tu zilizo za mtumiaji. Nyingine ni alama za kutambulisha sekta na hesabu za kurekebisha makosa, ambazo huiwezesha draivu kujaza mapengo ya mikwaruzo midogo. CD ya dakika 80 ina sekta 360,000, na ukizidisha kwa 2,048 unapata baiti 737,280,000, yaani zile megabaiti 700 zilizoandikwa kwenye kasha.

Waliotengeneza VCD walifanya hesabu tofauti. Kwa kuwa doa dogo kwenye video halimkatishi mtu tamaa, waliondoa sehemu kubwa ya kinga ya makosa na kuweka picha mahali pake. Sekta ya video kwenye VCD inabeba baiti 2,324 badala ya 2,048. Ndivyo CD ileile ilivyoweza kubeba video ya dakika 80 hivi. Uamuzi huo wa miaka ya 1990 ndio unaowasumbua leo watu wa Temeke wanaotaka kuokoa harusi zao.

ISO na zisizo ISO

Mwaka 1985 wawakilishi wa kampuni kadhaa za kompyuta walikutana katika hoteli ya High Sierra karibu na ziwa Tahoe, Marekani, wakakubaliana namna moja ya kupanga mafaili kwenye CD ili kila kompyuta iweze kuyasoma. Makubaliano yao yalirekebishwa na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1988, kikiitwa ISO 9660. Hapo ndipo faili la .iso lilipopata jina. Diski yenye mpangilio huo huacha sekta 16 za mwanzo wazi, na kwenye sekta inayofuata huandika maelezo yake yakiwa na herufi CD001. Ukifungua taswira kwa programu ya kuonyesha baiti, ukazikuta herufi hizo mara tu baada ya baiti ya 32,768, unajua umeshika ISO halisi ya sekta za 2,048, hata kama mtu alibadilisha jina la faili.

Faili la ISO la kawaida huchukua zile baiti 2,048 za kila sekta na kuacha nyingine. Kwa CD ya data hakuna kinachopotea. Kwa DVD pia hakuna, kwa sababu sekta yake ya data ni baiti 2,048 hizohizo. Diski za programu, za nyaraka za ofisi, za picha za mnato, na DVD za video za nyumbani, zote zitengenezee ISO bila wasiwasi.

VCD na CD ya muziki ni habari nyingine. Sekta za VCD zenye baiti 2,324 haziingii kwenye kipimo cha 2,048, na ndiyo sababu kompyuta, ukijaribu kukopi faili la AVSEQ01.DAT kutoka kwenye folda ya MPEGAV, wakati mwingine hukwama na kulalamika kuhusu kosa la kusoma. Mtu huamini diski imeharibika, akaitupa. Diski yaweza kuwa haina tatizo. Kompyuta imejaribu tu kuzisoma sekta hizo kwa kipimo cha 2,048. CD ya muziki nayo haina mafaili kabisa, ina mkondo wa sauti tu, na baiti zote 2,352 za kila sekta ni sauti.

Hizi mbili zinahitaji taswira ghafi inayochukua kila sekta kama ilivyo, na aina iliyoenea ni ile ya mafaili mawili, .bin na .cue. Faili la .bin limebeba data, na CD iliyojaa hufikia baiti 846,720,000. La .cue ni maandishi mafupi yanayoeleza wimbo au sehemu ipi inaanzia wapi na ni ya aina gani. Mawili haya hayatenganishwi. Ukimtumia ndugu yako .bin bila .cue umempa nyumba bila ufunguo.

Utakutana pia na .nrg ya programu ya Nero, iliyopendwa sana na wapiga picha wa harusi, na .mdf inayoambatana na .mds ya Alcohol 120%. Zihifadhi, lakini kazi mpya zifanye kwa ISO au BIN na CUE, ambazo programu nyingi za leo zinazisoma na, naamini, za miaka ishirini ijayo zitazisoma.

Kazi yenyewe

Kwanza draivu. Laptopu nyingi za sasa hazina mdomo wa CD, ila draivu ya nje ya USB inapatikana Kariakoo, na kompyuta za mezani zilizotumika bado huja na draivu zao. Kama unaweza kuazima mbili, azima. Draivu hazisomi sawa, na diski iliyokataliwa na moja mara kadhaa hukubaliwa na nyingine.

Safisha diski kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, ukifuta kutoka katikati kwenda nje kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko hufunika data nyingi mfululizo, na hesabu za kurekebisha haziwezi kuujaza. Kusugua kwa dawa ya meno, dawa inayojulikana kila mtaa, hupunguza mikwaruzo ya upande wa chini kweli, lakini huchonga plastiki. Mimi huiacha mpaka kila njia nyingine imeshindwa.

Windows inaweza kuchoma taswira na kuifungua, lakini haina chombo cha kuitengeneza kutoka kwenye diski. Wengi hutumia ImgBurn, programu ya bure ambayo toleo lake la mwisho ni la mwaka 2013 na bado linafanya kazi. Unachagua kusoma diski na kutengeneza faili, unaonyesha mahali pa kuhifadhi, basi. Uzuri wake ni kwamba inaitambua diski: ikiona CD ya data au DVD inapendekeza ISO, ikiona VCD au muziki inahamia BIN na CUE. Ikiamua hivyo, usilazimishe ISO. Wakati wa kuisakinisha soma kila ukurasa, kwani baadhi ya tovuti huambatanisha programu usizozitaka.

Kwa Linux amri ya zamani inatosha kwa CD ya data na DVD isiyo na mikwaruzo:

dd if=/dev/sr0 of=harusi2009.iso bs=2048

Kwa VCD kuna cdrdao, ambayo husoma sekta ghafi. Kwenye Mac, programu ya kusimamia diski hutoa faili la .cdr ambalo kwa vitendo ni ISO yenye jina jingine.

Punguza mwendo. Draivu nyingi huanza kwa kasi kubwa, na diski ya zamani haipendi kukimbizwa. Kwa mwendo wa mara nane CD iliyojaa humalizika kwa dakika kumi hivi, na dakika hizo si nyingi kwa kitu kilichokaa kabatini miaka kumi na mitano.

Diski mgonjwa

Diski iliyokuwa ikiganda kwenye deki inahitaji uvumilivu wa aina nyingine. Kwa CD za data na DVD sijaona chombo bora kuliko ddrescue, programu huria iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz. Mtindo wake ni wa mganga mwenye busara. Huokoa kwanza kilicho rahisi, huruka palipooza bila kung'ang'ania, kisha hurudi kwenye mapengo mara nyingi kadiri utakavyoiambia. Wakati wote huandika ramani ya ilikofika:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 harusi2009.iso harusi2009.map

ddrescue -b 2048 -d -r 3 /dev/sr0 harusi2009.iso harusi2009.map

Amri ya kwanza inapita haraka, ya pili inarudia mapengo mara tatu. Ramani hiyo ina thamani kubwa kwetu kuliko pengine popote, kwa sababu umeme ukikatika saa nne usiku mchana wote wa kazi haupotei. Umeme ukirudi unaandika amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Unaweza hata kuhamishia diski kwenye draivu nyingine, ramani ikiwa ileile, na draivu ya pili ikajaza mapengo yaliyoishinda ya kwanza. Nimewahi kuona DVD ya mahafali ikikamilika hivyo kwa draivu tatu, sekta zilizobaki zikipungua jioni baada ya jioni, na mwenye diski akipiga simu kila asubuhi kuuliza zimebaki ngapi.

Kwa VCD yenye majeraha ddrescue haifai, kwa sababu ya zile sekta za 2,324. Hapo tumia chaguo la ImgBurn la kupuuza makosa ya kusoma, ukubali kwamba kutakuwa na sekunde chache za picha iliyovunjika. Harusi yenye doa la sekunde tano bado ni harusi.

Kuna ugonjwa mwingine usio wa mkwaruzo: diski ambayo haikufungwa. Aliyechoma aliiacha wazi ili aongeze mambo baadaye, au mashine ya kurekodi ilizimika kabla ya kumaliza. Kompyuta inaiona tupu. Usiichome upya. Programu kama IsoBuster hutazama chini ya orodha ya mafaili na mara nyingi hukuta video ipo.

Kuhakiki

Faili kubwa linaweza kuharibika kimya kimya, flashi ikichomolewa mapema au diski ya nje ikianza kuchoka. Kwa hiyo, mara tu taswira inapokamilika, itolee alama ya uhakiki: hesabu inayopitia kila baiti na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64 ambao hubadilika kabisa hata baiti moja ikibadilika. Kwenye Windows huhitaji kusakinisha chochote:

certutil -hashfile harusi2009.iso SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum. Nakili jibu kwenye faili la maandishi, liweke kando ya taswira. Baada ya mwaka rudia hesabu, na kama mifuatano miwili inalingana, ulichonacho ndicho ulichokiokoa.

Kufungua bila diski

Kuifungua taswira kama diski huitwa kuipachika. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kubofya ISO mara mbili kunatosha: draivu mpya inatokea kando ya nyingine, na ukimaliza unaitoa kama unavyotoa CD. Kinachoonekana hakiwezi kubadilishwa, kinasomwa tu, na hiyo ni faida, kwa maana mtoto hawezi kufuta harusi kwa bahati mbaya. Mac nayo hufungua kwa kubofya. Linux hutumia mount yenye chaguo la loop. Windows peke yake haielewi CUE, NRG wala MDS, na hapo WinCDEmu, programu ndogo ya bure, huzipachika zote. ISO ya DVD haihitaji hata kupachikwa kama una VLC. Iburute ndani yake na menyu ya DVD itatokea. Kwa VCD, pachika kwanza, kisha cheza AVSEQ01.DAT kwa VLC.

Tahadhari moja: kwa kuwa kompyuta huiamini taswira kama diski, wahalifu wamezoea kuficha programu haribifu ndani ya ISO. Ukitumiwa ISO na mtu usiyemjua ikidai ni ankara au picha, iache.

Kwa simu tengeneza nakala ya MP4, kwa HandBrake kwa mfano, umtumie kila mwanafamilia. Lakini MP4 imebanwa na imepoteza menyu na kitu fulani cha picha. Taswira ndiyo mama, na ni yeye wa kutunzwa.

Kuhifadhi

VCD mia tatu, kila moja karibu gigabaiti 0.8, zinahitaji gigabaiti 240 hivi. Diski ya nje ya terabaiti moja inatosha nyumba nzima na ya jirani.

Kikwazo kinachowashangaza wengi ni flashi. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuzidi baiti 4,294,967,295. DVD iliyojaa hufika kama bilioni 4.7. Basi kompyuta inasema faili ni kubwa mno hata kama flashi ya gigabaiti 64 ni tupu. Hamisha vilivyomo, iandae upya kwa exFAT, na taswira itaingia.

Uwe na nakala tatu, na moja ilale nyumba nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa bondeni Jangwani mpaka Mabwepande, na maji yalipoingia ndani hayakuchagua kati ya diski na kompyuta. Kama wewe uko Mbagala na dada yako yuko Tegeta, tayari mna hazina mbili zilizo mbali. Badilishaneni diski za nje siku ya sikukuu.

Kuhusu diski za kununua, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake, na COSOTA, chombo cha hakimiliki nchini, inaisimamia. Mwaka 2013 hata stempu za kodi zilibandikwa kwenye CD na DVD za wasanii ili halali itofautishwe na haramu. Taswira ya filamu uliyoinunua, ikae nyumbani kwako kwa matumizi yako, ni ulinzi wa mali yako. Taswira hiyohiyo ikichomwa nakala hamsini na kuuzwa kituo cha daladala ni kumwibia msanii, na wasanii wa Temeke na Kinondoni wameibiwa vya kutosha.

Ndugu zake

Kuna taswira zisizotoka kwenye diski yoyote. Mifumo endeshi kama Ubuntu husambazwa kwa ISO. Zamani waandaaji wake walituma CD za bure kwa posta hadi Afrika Mashariki, mpango uliokoma mwaka 2011, na leo unaipakua mara moja kwa bando na kuigawa mtaa mzima. Kuikopi tu kwenye flashi hakuifanyi kompyuta iwake kutoka humo. Tumia Rufus au Ventoy. Kuna pia diski pepe za mashine pepe, kama .vdi ya VirtualBox na .vhdx ya Microsoft, ambazo tofauti na ISO huandikwa na kufutwa kama diski ya kawaida, na hukua kadiri unavyozijaza.

Faili la maandishi

Kitu kimoja taswira haiwezi kukibeba: majina. Diski imeandikwa "Harusi 2006", na baada ya miaka ishirini hakuna anayejua mzee mwenye koti la kijivu ni nani. Kando ya kila taswira weka faili la maandishi lenye jina lilelile. Andika diski ilitoka kwa nani, ilisomwa lini, kwa draivu gani, sekta ngapi zilishindikana, na ile alama ya uhakiki. Kisha pachika taswira, keti na mama au shangazi mbele ya kompyuta, simamisha picha kila anaponyoosha kidole, na uandike dakika na jina kama anavyolitaja:

Dakika ya 9, sekunde 40: anayeshika birika ni jirani wa Keko, ndiye aliyemlea bibi harusi.

Dakika ya 22: shangazi yake baba, alikuja kwa basi kutoka Kilwa Kivinje, akalala kwetu siku tatu.

Dakika ya 31: mtoto aliyebebwa ni mimi.